Aliyemchoma Mtoto wa Nasambu

Nianze na kosa langu, maana nikiliweka nyuma nitalitafutia visingizio. Mimi ndiye niliyesikia lile neno. Masikio yangu haya mawili, ambayo marehemu mume wangu alikuwa akisema yana njaa, ndiyo yaliyolipeleka nyumbani kwa Nasambu. Naitwa Amolo. Hapa Mbotela, Nairobi, wengi wananiita Mama Obura, na Nasambu nimekuwa jirani yake tangu watoto wetu wakitambaa.

Nasambu ni fundi wa zipu. Usimwite fundi wa nguo, atakurekebisha. Gauni hashoni, sare za shule hashoni. Ukikatikiwa na zipu ya suruali, ya begi, ya jaketi la pikipiki, unampelekea pale kando ya njia ya kutokea Jogoo Road, chini ya turubai la buluu, na jioni unaikuta inapanda na kushuka bila kukwama. Akikuta kitu mfukoni mwa suruali ya mtu, iwe ni kitambulisho au pete, anakifunga kwenye kitambaa na kukirudisha kikiwa na fundo. Watu walimcheka. Yeye alisema, "Nitaulizwa." Hakusema nani atamuuliza, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Maana kwa Nasambu, Mungu alikuwa hakimu kwanza, mengine baadaye. Wengine huku tunampenda Mungu wa mkate na wa kuponya. Yeye alimpenda yule anayekaa na kusikiliza pande zote mbili. Alitoka kwao Bungoma na imani hiyo na hakuwahi kuipunguza makali. Kuna jamaa mmoja aliwahi kumsukuma kutoka mahali pake pa kazi, akaweka pale kibanda chake cha viatu. Mimi nilitaka tumfuate na mwiko. Nasambu alihamisha cherehani yake hatua kumi na akasema, "Mungu ameona." Miezi minne baadaye tingatinga likaja likavunja kile kibanda cha viatu, na Nasambu akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia, "Wewe, tingatinga limevunja vibanda vyote mpaka cha kwako!" Akajibu kwamba kilichomhusu yeye ni hicho kimoja. Ungefanyaje na mtu kama huyo? Nilicheka tu.

Alikuwa na watoto wawili. Wamalwa alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa kuchomelea vyuma, na Lorraine alikuwa na kumi na minne. Baba yao alikwenda zamani na hakuna anayemuulizia.

Sasa sikia siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na nusu hivi, nikianua nguo kwenye kamba iliyo nyuma ya saluni ya Ndindi. Ndindi alikuwa msusi wetu, mtu wa Machakos, mke wa Kiema yule askari wa lango la kiwanda. Saluni yenyewe ni mabati matupu, ukikohoa ndani aliye nje anakuambia pole. Muda mfupi kabla ya hapo kulikuwa na kelele huko barabarani, tukadhani ni mwizi wa simu, hata sikugeuka. Kisha nikamsikia Ndindi akiongea kwa simu kwa sauti ya chini, sauti ya kulia.

"Nimemchoma mtoto wa Nasambu," alisema. "Sijui nitamwangalia mamake na macho gani. Woi! Tafadhali usimwambie mtu."

Nikasimama na shuka mkononi. Niliposogea nisikie zaidi, alikuwa amekata simu.

Wewe usiyekaa Eastlands labda huoni ubaya wake. Huku kwetu kumchoma mtu ni kumtaja kwa wale wanaomtafuta. Kijana akichomwa, ujue kuna mdomo uliofunguka mahali. Nilikunja zile nguo huku nikijiuliza Wamalwa amefanya nini cha kuchomewa. Saa kumi na mbili ndipo niliposikia kwamba zile kelele zilikuwa zake. Wanaume wanne wasio na sare walikuwa wamemkamata mbele ya karakana wakamwingiza kwenye gari. Alhamisi tulimpata amelala chini ya shuka katika chumba chenye baridi, na mhudumu akamwomba Nasambu aangalie mguu tu, asiangalie uso.

Sisemi Wamalwa alikuwa malaika. Alikuwa na marafiki ambao mimi nisingewapa chai. Lakini mtu akikosa ana haki ya kusomewa kosa lake, na yeye hakusomewa lolote. Tulienda kuandikisha maelezo mara tatu katika ofisi tuliyotumwa, na mara ya tatu kijana aliyekuwa mezani akatuuliza Wamalwa ni nani.

Usiku wa matanga sikumwambia. Nilimwambia asubuhi iliyofuata, tukiwa wawili jikoni tukiosha vikombe. Maneno yale yale, sikuongeza wala sikupunguza, na hapo ndipo ubaya wangu ulipo: nilikuwa na uhakika. Tena Ndindi mwenyewe alinisaidia. Alikuja matangani, akakaa mlangoni, hakuweza kumwangalia Nasambu usoni. Alimpa mkono akiangalia sakafu. Ningehitaji ushahidi gani mwingine?

Nasambu hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini.

"Nani mwingine amesikia?"

"Mimi peke yangu."

"Basi likae kwako. Vijana wa hapa wakijua watamuua huyo mama. Damu moja inatosha." Akajifuta mikono kwenye leso. "Nimemwachia Mungu."

Watu husema hivyo kila siku, nimemwachia Mungu, na wengi wanamaanisha wamechoka. Nasambu alimaanisha. Kanisani kwetu kuna kikapu cha maombi, unaandika haja yako kwenye karatasi, unakunja, hakuna anayesoma. Aliandika jina la Ndindi. Lorraine alibaki kijijini kwa nyanyake baada ya mazishi, maana mamake aliogopa kumrudisha hapa, na Nasambu akaanza kufunga kila Ijumaa bila maji, bila chochote. Nilikuwa napita pale kwa cherehani namkuta midomo imekauka, mguu unakanyaga, macho hayapo. Miezi saba. Na katika miezi hiyo yote alimsalimia Ndindi kila asubuhi, habari ya kuamka, nzuri, kwa sababu alisema hakimu hataki kuona mshtaki amechukua kiboko mwenyewe.

Mwezi wa nane Ndindi alianguka akiwa amemshikia mteja kichwa. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande, mguu ukawa wa kuburuta.

Jumapili iliyofuata Nasambu alisimama wakati wa ushuhuda. Alikuwa hajawahi kusimama. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili, akasema maneno machache tu: "Aliyemchoma mtoto wangu, mimi sikumgusa. Nilimwachia Mungu. Na Mungu ameushika mkono ule ule ulioshika simu." Akarudi kukaa.

Hakumtaja mtu. Lakini ni wangapi hapa Mbotela waliokuwa wamekufa mkono wiki ile? Kanisa lilisimama lote. Kinanda kikapigwa, wamama wakavua leso wakazipeperusha, na mimi, Amolo, nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Nilihisi Mungu yuko karibu sana, kama yuko nyuma ya pazia lile la madhabahuni. 

Na ushuhuda ule ulifanya kazi, yawa! Huwezi kuamini. Mtungi wa gesi uliokuwa umepotea mwaka mzima ulikutwa asubuhi mlangoni kwa mwenyewe. Ndugu wawili waliokuwa hawaongei walionekana wakinywa chai pamoja. Mzee fulani alikiri kwa mkewe jambo ambalo mkewe hakuwa ameuliza. Kanisa lilijaa hadi viti vya plastiki vikaazimwa. Kila mtu alitembea kwa adabu, kila mtu akichunga mkono wake.

Ila kwa Ndindi hakuna aliyekanyaga. Ukimpelekea uji mtu ambaye Mungu anampiga, umejiweka upande gani? Hatukukaa tukaamua, ilijiamua tu. Wateja waliondoka, vioo vya saluni vikashika vumbi, Kiema akawa anamwogesha mkewe kabla ya kwenda zamu. Fartun wa duka, ambaye ni Mwislamu na hakuwa na habari za ushuhuda wetu, ndiye alikuwa akimpelekea maziwa. Mimi nilikuwa napita mbele ya mlango ule na ndoo yangu ya maji naangalia mbele. Miaka miwili hivyo.

Mwaka huu Januari Lorraine alirudi. Ana miaka kumi na sita sasa, mrefu, sauti ya kaka yake. Alipata nafasi katika shule ya hapa Nairobi, na shule hiyo haitaki rasta wala nywele za kuongeza, kwa hiyo Jumamosi mchana mamake alinitumia huyo mtoto nimfumue. Tulikaa mlangoni kwangu, yeye kwenye kigoda, mimi juu yake na kitana. Alikuwa ananipigia hadithi za kijijini, mara ng'ombe, mara mwalimu wa hesabu. Nikafika nyuma ya sikio la kushoto. Pale nywele hazikuwepo. Kulikuwa na kovu laini linalong'aa, refu kama kidole.

"Hapa palifanya nini?"

"Wapi?" Akaweka mkono haraka. "Aki Anti, usimwambie mathe. Alikuwa amenikataza."

"Alikukataza nini?"

"Kuchoma nywele. Alisema nywele ya mtoto wa shule haichomwi. Sasa mimi nikaenda kwa Ndindi bila ruhusa, nikamdanganya nimetumwa. Ndio akanichoma na kichana cha moto."

Kitana kilibaki hewani.

"Lakini si makosa yake," mtoto akaendelea, hana habari. "Kulikuwa na kelele huko nje, nikaruka ghafla kuangalia. Alikuwa ameniambia nitulie. Alilia kuliko mimi, akapigia rafiki yake mwenye saluni kule Pumwani amuulize dawa ya kupaka. Na kumbe zile kelele zilikuwa... zilikuwa za Wamalwa."

Nilimaliza kumfumua. Sijui nilimalizaje. Mikono inajua kazi yake hata mwenyewe akiwa amekufa. Alipoondoka nilikaa kwenye kile kigoda na nikasema kwa sauti, peke yangu, "Nimemchoma mtoto wa Nasambu." Nikalirudia tena na tena, nikitafuta ile sauti mbaya niliyoisikia siku ile, na sikuipata. Ilikuwa sauti ya msusi aliyeunguza mtoto wa watu.

Ningeweza kunyamaza. Nataka ujue kwamba nililifikiria jambo hilo siku mbili nzima. Nasambu alikuwa amelala usingizi miaka miwili kwa sababu ya ule mkono uliokufa. Ndiyo iliyokuwa kesi yake na hukumu yake, ndiyo iliyomfanya akubali kula. Nikimwambia, nampokonya. Lakini Jumatatu nilimwona Kiema akirudi na dawa, nikamuuliza hali, mara ya kwanza miaka miwili. Akaniangalia kwa mshangao, kisha akasema Ndindi hali tena vizuri, na daktari amesema kiharusi kikimpiga tena hataamka. Nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye turubai la buluu.

Nilimweleza Nasambu suruali ya mtu ikiwa chini ya sindano. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia," nikarudia, watu wakipita wakitusalimia.

"Kwa hivyo aliyemtaja Wamalwa yuko," alisema.

"Yuko mahali."

"Anakula. Analala. Na mimi nimefunga Ijumaa zote zile juu ya mama aliyekuwa anamtafutia binti yangu dawa."

"Nasambu, mimi ndiye..."

"Najua ni wewe!" Hapo sauti ilipanda, mpaka muuza ndizi akageuka. "Wewe na hayo masikio yako! Lakini kikapuni hukutia mkono wewe. Jina niliandika mimi, na mwandiko wangu mzuri." Alitaka kuendelea kunitukana, nikatamani aendelee, ila hakuwa na nguvu. Aliinama akashika kichwa, akalia kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu, na alinitajia waziwazi: Ndindi asife na neno lile juu yake. Alisikie likiondolewa, alisikie kwa mdomo uleule uliolitia. Zipu zilirundikana, wateja wakanuna, yeye hakujali.

Alhamisi tulienda kwa Pasta Obonyo. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Alitupa viti, akasikiliza yote, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Mama, ushuhuda si nguo ya mtumba, ati haikutoshi unairudisha," alisema. "Watu wameacha dhambi kwa sababu ya ushuhuda ule. Ndoa zimepona. Tukisema haukuwa kweli, wote hao tunawaambia nini?"

"Waambie nilikosea."

"Na kiharusi je? Hicho hukukosea. Hicho kilikuja. Mungu hapigi bure, Mama. Pengine ana kitu chake kingine huyo dada, ambacho wewe na mimi hatukijui."

Nasambu alimkazia macho. Nilijua kwa nini. Maneno yale yalikuwa yake. Miaka yote hiyo, kwa kila mtu aliyeanguka au kuugua hapa Mbotela, ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe. Alisimama bila kuaga.

Jumapili alisimama kanisani bila kupewa ruhusa. Hakungoja maikrofoni. Alisema Ndindi hakumtaja Wamalwa kwa mtu yeyote, kwamba aliyechomwa ni Lorraine, sikio, kwa kichana, na kwamba yeye Nasambu alimshtaki mtu asiye na hatia mbele za Mungu na mbele ya kanisa. Akaomba tukamuombe Ndindi msamaha, sote, kwa miguu yetu, siku hiyohiyo.

Mama mmoja kule nyuma akaanza kulia. "Ona moyo huo," akasema. "Ona vile anamfunika aliyemuulia mtoto!" Na hapo hapo kanisa likaelewa, yaani likaelewa upuzi. Waliona Nasambu amesamehe mpaka ameamua kumsitiri adui yake. Mtu akapiga kinanda. Pasta akafumba macho akasema, "Huo ndio upendo, wapendwa, upendo unaoficha wingi wa dhambi." Makofi yakaanza. Nasambu alikuwa anatikisa kichwa, anasema hapana, hapana, si hivyo, nao wakadhani amezidiwa na Roho, wamama wawili wakamshika mabega asianguke.

Aliniangalia katikati ya fujo ile. Mtu mmoja tu angeweza kumsaidia, yule aliyelisikia neno kwenye mabati. Ningesimama nikasema ni mimi, mimi ndiye niliyesikia vibaya, pengine wangeamini, kwa sababu hakuna anayejisingizia ujinga. Sikusimama. Niliogopa nyuso zile. Niliogopa kwamba kuanzia kesho ni mimi watakayekuwa wananipita na ndoo wakiangalia mbele. Haya, nimesema.

Baada ya ibada Nasambu hakunilaumu. Alimshika Lorraine mkono, akaniambia, "Twende," nami nikafuata. Hakuna mwingine aliyekuja.

Kiema ndiye aliyetufungulia. Chumba kilikuwa safi kuliko changu. Ndindi alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa mito, kitambaa cheupe kichwani, nywele za mtu aliyekuwa msusi wetu zimekatwa na mume kwa mkasi wa jikoni. Alipomwona Nasambu alitaka kuinuka, akashindwa. Machozi yakaanza kumtoka kabla hatujaketi.

"Umekuja," alisema. Maneno yalikuwa yanatoka upande mmoja wa mdomo, polepole, lakini yalieleweka. "Nimengoja sana, Mama Lorraine. Nilimwambia Kiema, siku moja atakuja kunisamehe."

"Ndindi, mimi ndiye nimekuja kuomba..."

"Hapana. Ngoja niseme, nimelikariri." Akavuta pumzi. "Nilimchoma mtoto wako. Nikaogopa kuja kukwambia. Kisha Wamalwa akafa, nikasema nitaendaje na habari ya sikio kwenye nyumba ya msiba? Nikanyamaza. Mungu akaona. Kiema aliniletea habari kwamba umeshuhudia kanisani, ya kwamba aliyemchoma mtoto wako amepigwa mkono. Nikamwambia, ni kweli. Ndio mkono wenyewe. Ndio ulioshika kichana."

Kiema aliitikia kwa kichwa. Walikuwa wamekubaliana hivyo, mtu na mkewe, katika chumba kile, miaka miwili.

"Watu walipoacha kuja sikunung'unika," Ndindi akasema. "Niliona ni haki. Uchungu ukinizidi usiku nasema, Ndindi, hii ni ya yule mtoto. Nalala."

Lorraine akaenda akapiga magoti kando ya kitanda. "Lakini Anti, si wewe! Ni mimi niliruka. Ulikuwa umeniambia nitulie. Na hata haikuuma sana, ilipona wiki mbili. Ona." Akageuza kichwa, akaonyesha. Ndindi alinyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akaligusa lile kovu kwa kidole kimoja, akatabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki. Kwa muda mfupi nilidhani tumefaulu. Nilidhani tutakunywa chai twende nyumbani.

Lakini Nasambu alikuwa amekuja kusema kweli, na akishakusudia jambo hakuna wa kumzuia. Nilimvuta kidogo kwenye nguo, nikiomba aliache lilivyo. Akaniondoa mkono.

"Ndindi," alisema, "mimi habari ya sikio sikuijua mpaka wiki hii. Siku ile kanisani nilikuwa nasema Wamalwa. Tuliambiana kwamba wewe ndiye uliyemtaja. Ndiyo sababu watu hawakuja. Jina lako nililipeleka kwa Mungu kwa damu ya Wamalwa. Nisamehe."

"Ni mimi niliyesikia vibaya," nikasema. Sasa ndipo niliposema, mbele ya watu wanne.

Kiema alitoka nje. Tulisikia akisimama pale mlangoni, hakwenda mbali. Nilimwona Ndindi akirudi nyuma pole pole, siku baada ya siku, milango iliyofungwa, salamu zilizokosekana, akiziangalia upya moja moja. Hakulia tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kufuata hesabu.

"Ya Wamalwa sikuifanya," alisema mwishowe.

"Hukuifanya," Nasambu alijibu.

"Na ya mtoto, mtoto mwenyewe anasema si kosa langu."

"Si kosa lako."

Akauinua ule mkono uliokufa kwa mkono mzima, akauweka juu ya blanketi katikati yetu, mweupe kwa kukaa ndani, vidole vimejikunja.

"Basi huu," aliuliza, "Mungu alinipigia nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Alimuuliza Nasambu kwa heshima, maana ndiye aliyekuwa amempeleka mbele ya Mungu, kwa hiyo aliona atakuwa na habari.  Lorraine alikuwa bado amepiga magoti. Nje watu wa ibada ya pili walikuwa wameanza kuimba, na Ndindi aliendelea kumwangalia Nasambu, akingoja jibu.